Neno "disrupt" kwa Kiswahili: kukatika, kusitishwa, kukwama na kuvurugika si kitu kimoja

Karibu kila siku meza yetu ya habari hupokea taarifa yenye neno la Kiingereza "disrupt". Linakuja kwenye habari za mashirika ya nje, kwenye maelezo ya kampuni za simu, kwenye taarifa za mafuriko na migomo. Kwa Kiingereza linasomeka vizuri tu. Kazi inaanza pale taarifa hiyo inapotakiwa kusomwa hewani kwa msikilizaji wa Mbagala Rangi Tatu anayetaka kujua kama ajaze madumu usiku huu, au wa Tegeta anayetaka kujua kama kesho asubuhi daladala zitapita.

Wasikilizaji wetu, wengi wao wanafunzi wa sekondari na vijana wanaoandika habari mtandaoni, wamekuwa wakituuliza neno hili linatafsiriwaje. Jibu fupi ni kwamba halina tafsiri moja. Jibu refu ni makala hii, na tumeiandika kwa kutumia mambo ambayo kila mkazi wa Kinondoni na Temeke anayafahamu: maji, umeme, usafiri, intaneti na biashara.

Neno lenyewe limetoka wapi

Tuanze na matamshi. Husemwa "dis-RAPT", mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili. Asili yake ni Kilatini: "dis" ina maana ya kutenganisha huku na huku, na "rumpere" ni kuvunja au kupasua. Ukiyaunganisha unapata kuvunja kitu kikatengana vipande.

Neno hili lina ndugu wengi katika Kiingereza, na ukiwafahamu utalikumbuka kwa urahisi. "Interrupt" ni kuvunja katikati, yaani kukatiza. "Erupt" ni kupasuka kwenda nje, kama volkano inavyolipuka. "Corrupt" ni kilichovunjika kikaharibika, na ndiyo maana linatumika kwa mla rushwa. Hata "bankrupt", mtu aliyefilisika, yumo katika ukoo huo: neno lilianzia Italia likiwa na maana ya benchi lililovunjika, yaani benchi ambalo mbadili fedha alikaa kufanya biashara yake.

Katika matumizi ya leo, "disrupt" ni kitenzi kinachotaka mtendwa. Lazima kuwe na kitu kinachopatwa. Na kitu hicho hakiwi jiwe wala meza. Huwa ni jambo lenye mpangilio ambalo tayari lilikuwa linaendelea: safari, masomo, mkutano, usambazaji wa maji, usingizi, biashara. Kinachovunjika ni mtiririko wa jambo hilo.

Hapo ndipo linapotofautiana na majirani zake wawili. Ukiingilia mtu anayezungumza, kisha akaendelea pale alipoishia, umemkatiza tu. Muziki wa baa ukikukera usiku, umekusumbua. Lakini muziki huohuo ukimfanya mwalimu wa masomo ya jioni ashindwe kufundisha, wanafunzi wakatawanyika na kipindi kikafa, hapo Mwingereza atatumia "disrupt".

Kuvunja na kukoroga

Ukifungua kamusi, neno la kwanza utakalokutana nalo kama tafsiri ni "kuvuruga". Ni neno zuri, lakini lina picha yake tofauti. Kiingereza kimeanza na picha ya kuvunja. Kiswahili, katika "kuvuruga", kimeanza na picha ya kukoroga. Ukiingiza mti kwenye dimbwi na kuzungusha, tope hupanda juu na maji huchafuka. Maji bado yapo, hayakwenda popote, ila hayako kama yalivyokuwa. Ndivyo tunavyosema mtu amevuruga hesabu, amevuruga mipango, amevuruga karata. Vitu vipo, mpangilio ndio umepotea.

Kwa hiyo kuna kipimo kimoja rahisi tunachopendekeza kwa yeyote anayetafsiri. Jiulize: jambo linalozungumziwa bado lipo lakini limekosa mpangilio, au halipo kabisa kwa wakati huo? Kama lipo ila limechafuka, "kuvuruga" na "kuvurugika" yanafaa. Kama halipo, tafuta neno katika ukoo mwingine: kukatika, kukatwa, kusimama, kusitishwa, kukosekana.

Mfano: daladala za Tandika bado zinakwenda, lakini kwa sababu ya foleni na njia kubadilishwa, hakuna anayejua gari lijalo litafika saa ngapi. Ratiba imevurugika. Barabara ikiwa imefungwa na hakuna gari linalopita, usafiri umesimama. Maji yakisomba kipande cha barabara, sisi wenyewe tuna msemo wetu: barabara imekatika. Kiingereza kinaweza kuyabeba yote matatu kwa neno moja. Msikilizaji aliyesimama kituoni hawezi kuyachukulia kuwa sawa, kwa sababu la kwanza linamwambia avumilie, la pili linamwambia atafute njia nyingine, na la tatu linamwambia hata bodaboda haitavuka.

Somo la umeme: chumba kimoja chenye giza, sentensi tano

Kiswahili kina nguvu ambayo Kiingereza hakina hapa. Kitenzi chetu kinabadilika mwishoni na kusema kama kuna mtendaji au hakuna. Chukua "kata". "Katwa" inasema kuna mtu aliyekata. "Katika" inasema kitu kimejikuta kimekatika, na hatumtaji mtendaji. "Katiza" inasema kitu kimoja kimeingia katikati ya kingine. Herufi mbili tatu tu, na habari imebadilika.

Angalia chumba kimoja cha kupanga pale Tandika, saa mbili usiku, taa imezimika. Kwa Kiingereza, taarifa inaweza kusema tu kwamba huduma imekuwa "disrupted". Kwa Kiswahili cha mtaani kuna angalau sentensi tano, na kila moja inampeleka mpangaji mahali tofauti.

Umeme umekatika. Kuna hitilafu mahali fulani. Mpangaji anatazama nje kama majirani nao wako gizani, kisha anasubiri au anapiga simu ya dharura.

Umeme umekatwa. Kuna mtu amefika akakata, labda kwa sababu ya deni au kujiunganishia kinyume cha utaratibu. Kusubiri hakutasaidia, ni lazima kwenda kuonana na mwenye nyumba au shirika.

Umeme umeisha. Luku imesoma sifuri. Jina lenyewe la Luku, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, linaeleza tatizo. Dawa yake ni kununua.

Umeme umezimwa kwa matengenezo. Kuna saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na tangazo lilitolewa. Mwenye saluni au mwenye friji la samaki alipaswa kulisikia mapema.

Tuko kwenye mgao. Umeme uliopo hautoshi, na maeneo yanapokezana. Hapa mtu anahitaji ratiba ya wiki nzima.

Hizi zote tumezipitia. Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu usiku na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Huko ni kukatika. Miezi iliyotangulia nchi ilikuwa kwenye mgao kwa sababu uzalishaji haukutosheleza mahitaji, hali iliyoanza kupungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024. Bwawa hilo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, yaani mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Anayechanganya mgao na hitilafu anampa msikilizaji picha isiyo sahihi ya tatizo: hitilafu hurekebishwa na fundi kwa saa kadhaa, mgao huisha kwa kuongeza umeme.

Maji: "kukosekana" ni neno la kiungwana

Kwenye maji, taarifa za Dar es Salaam zimezoea neno "kukosekana". Tunasoma kwamba huduma ya maji itakosekana katika maeneo kadhaa, kisha inafuata orodha ya mitaa. Ni neno la kiungwana na ni sahihi, kwa sababu linataja matokeo bila kubuni chanzo. Likikaa peke yake, hata hivyo, halitoshi.

Jiji linategemea zaidi mitambo miwili iliyo kwenye Mto Ruvu. Ruvu Chini, iliyoko upande wa Bagamoyo, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na ndiyo inayowahudumia wengi walio kwenye ukanda wa Barabara ya Bagamoyo: Bunju, Tegeta, Kunduchi, Mbezi Beach, Kawe. Ruvu Juu, iliyoko Mlandizi, ina uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Upande wa Temeke kuna mtambo wa Mtoni unaochukua maji ya Mto Kizinga, pamoja na visima, na maeneo mengi ya pembeni kama Chamazi na Mbande kwa miaka mingi yameishi kwa visima na maboza.

Sasa fikiria mambo matatu. Kwanza, bomba kubwa limepasuka: maji yamekatika, na yatarudi bomba likizibwa. Pili, mtambo umezimwa ili usafishwe: huduma imesitishwa kwa muda, na kuna saa ya kurudi. Tatu, kina cha mto kimeshuka kwa ukame, kama ilivyotokea mwaka 2022 jiji likaingia kwenye mgao: hapa hakuna fundi wa kuita, mpaka mvua inyeshe huko juu. Kwa mama mwenye watoto watatu pale Bunju, la kwanza ni ndoo nne, la pili ni pipa moja, la tatu ni kutafuta fedha ya simtanki au kukubaliana bei na mwenye boza kabla hajapandisha. Tafsiri inayosema "huduma za maji zimevurugika" haimsaidii katika hata moja kati ya hayo.

Usafiri: Jangwani na kwingineko

Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016, yakitoka Kimara kwenda Kivukoni, Kariakoo na Morocco. Tangu wakati huo kila msimu wa mvua kubwa wakazi wamezoea tangazo moja: maji yamejaa Jangwani, barabara imefungwa. Mto Msimbazi hufurika, eneo kati ya Magomeni na Fire halipitiki, na safari za mabasi hukatizwa.

Katika tukio hilo moja kuna maneno mawili ambayo ni lazima yatenganishwe. "Zimesitishwa" ina maana kuna mamlaka iliyoamua mabasi yasitembee, hata kama dereva angeweza kujaribu. "Zimekwama" ina maana mabasi yapo njiani na yameshindwa kuendelea. Abiria aliye ndani ya basi lililokwama ana tatizo tofauti na abiria ambaye bado yuko nyumbani Kimara na kusikia kwamba safari zimesitishwa. Na mara nyingine kuna la tatu: safari "zimefupishwa", mabasi yanatoka Kimara na kugeuzia Magomeni, na anayekwenda Kariakoo inabidi aungeunge safari yake kwa njia nyingine.

Tofauti hiyo ilionekana vizuri pia Mei 2024, wakati Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani yetu. Boti za kwenda Zanzibar hazikukwama baharini wala hazikuharibika. Zilisitishwa kwa tahadhari, kabla kimbunga hakijafika, na abiria wakabaki salama nchi kavu. Ukisoma kwamba kimbunga "kimevuruga usafiri wa baharini", msikilizaji mwenye ndugu aliyeondoka asubuhi kwenda Unguja anaweza kuruka kutoka kwenye kiti, kwa sababu kwetu sisi watu wa pwani maneno "bahari" na "kuvurugika" yakikaa pamoja yana uzito wake.

Kwa wakazi wa Kigamboni kuna hali nyingine ambayo "disrupt" huificha: huduma ipo lakini imepungua. Kivuko kimoja kikipelekwa matengenezo, vilivyobaki vinaendelea kuvusha, ila foleni inakuwa ndefu. Hapo Kiswahili kinasema wazi: huduma imepungua, au inasuasua. Neno "kusuasua" ni letu, kila mtu analielewa, na ni ajabu kwamba linatumika kidogo kwenye taarifa rasmi.

Kuna pia huduma inayosimama kwa sababu watu wameamua isimame. Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia utaratibu wa ukusanyaji wa kodi, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao Mnazi Mmoja. Kwa Kiingereza unaweza kusema mgomo ule "ulidisrupt" biashara. Kwa Kiswahili ni sahihi zaidi kusema biashara zilisimama, au maduka yalifungwa kwa mgomo. Ukisema wafanyabiashara "walivuruga biashara" umeshawahukumu kabla hujaeleza madai yao.

Intaneti: pale neno linapoficha mtendaji

Mei 12, 2024 ilikuwa Jumapili. Intaneti ilishuka ghafla katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Sababu ilijulikana mapema: kebo mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwenye njia ya kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Meli ya matengenezo ililazimika kwenda kuzitafuta na kuziunga, na kazi hiyo haikuwa ya siku moja. Hapa "kukatika" ni neno kamili, kwa maana yake ya asili kabisa: waya ulikatika. Na kwa kuwa baadhi ya kampuni zilikuwa na njia nyingine za kupitisha mawasiliano, intaneti haikupotea kwa kila mtu; kwa wengi ilikuwa inasuasua.

Mwishoni mwa Oktoba 2025 ilikuwa habari ya aina nyingine. Tangu Oktoba 29, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti haikupatikana karibu nchi nzima, na ilirudi siku kadhaa baadaye. NetBlocks, shirika linalofuatilia hali ya intaneti duniani, liliripoti kwa Kiingereza kwa kutumia jina linalotokana na kitenzi chetu hiki. Neno hilo linaeleza kilichompata mtumiaji na linanyamaza kuhusu aliyefanya. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kukaa hapo. Mwandishi wa Kiswahili inabidi achague. Akiandika "ilikatika", msomaji ataelewa ni hitilafu. Akiandika "ilizimwa", msomaji ataelewa kuna mkono wa mtu kwenye swichi.

Kanuni tunayoiona kuwa salama ni hii: mwenye ushahidi wa aliyezima aandike "ilizimwa" na amtaje, asiye nao aandike "haikupatikana", na aseme kuanzia lini hadi lini. Neno "haipatikani" halimtetei mtu wala halimshitaki mtu. Linasema ukweli ambao wakala wa fedha wa Mwananyamala na dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu waliuona wenyewe kwa macho yao.

"Kuvuruga" litumike wapi basi

Hatusemi neno hili litupwe. Lina mahali pake, na pakiwa pake halina mbadala. Kuvuruga mkutano, kuvuruga uchaguzi, kuvuruga amani, kuvuruga ushahidi: katika yote haya kuna mtu mwenye nia, na kuna utaratibu ambao nia hiyo imeulenga. Mtoto asiyetulia darasani, ambaye Kiingereza kinamwita kwa kivumishi kinachotokana na "disrupt", kwetu ni msumbufu au mtukutu, na kitendo chake ni kuvuruga kipindi.

Lina pia matumizi ya kawaida yasiyo na ubaya: mvua imevuruga ratiba ya ligi, kelele zimevuruga usingizi wangu. Tatizo linakuja kwa sababu ya jina lililozaliwa na kitenzi hiki. "Vurugu" kwa Mtanzania ni fujo, mawe na watu kukimbizana. Tangazo la redio linalosikika nusu nusu kutoka dukani, likisema kuna "vurugu" au usafiri "umevurugwa" Mbagala, linaweza kumfanya mzazi akimbie kumtoa mtoto shuleni, kumbe ni lori limeharibika katikati ya Barabara ya Kilwa.

Wanaosikiliza pia vituo vya Mombasa na Nairobi watakuwa wamegundua kwamba wenzetu wa Kenya wana neno jingine wanalolipenda: "kutatiza". Huko masomo yanatatizika, usafiri unatatizika, umeme unatatizika. Linaeleweka, na lina faida ya kutokutisha. Kwetu Tanzania, hata hivyo, kutatiza huwa zaidi ni kumchanganya mtu akili, kama swali gumu linavyomtatiza mwanafunzi. Si kosa kulitumia, ila mtumiaji ajue anaongea na nani.

Maana mpya ya kibiashara

Kuna maana moja ya "disrupt" ambayo vijana wanaohudhuria semina za ujasiriamali hukutana nayo zaidi kuliko zote. Huko neno hili ni sifa. Mtu anajigamba kwamba kampuni yake ina-"disrupt" soko.

Maana hii ilienezwa na Clayton Christensen, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, kwanza katika makala aliyoiandika na Joseph Bower mwaka 1995, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1997. Alichoeleza si kila biashara mpya yenye kelele. Alizungumzia bidhaa rahisi na ya bei nafuu inayoanza kwa kuwahudumia watu ambao wakubwa wa soko wamewadharau, halafu taratibu inapanda juu mpaka wakubwa wenyewe wanatikisika.

Mfano wa karibu tunao mikononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Haikuanza kwa kugombania wateja wenye akaunti za benki Posta. Ilianza na mtu ambaye benki haikumhitaji: mama lishe wa Keko, fundi wa Manzese, anayetaka kutuma elfu kumi kijijini bila kumpa konda wa basi bahasha. Leo benki zenyewe zimejiunganisha na mitandao ya simu na kuweka mawakala mitaani.

Uber, iliyoingia Dar es Salaam mwaka 2016, watu wengi huitaja kama mfano wa namna hiyohiyo. Christensen mwenyewe, akiandika na wenzake mwaka 2015, alisema Uber haiingii kwenye maana yake, kwa kuwa ilianza na watu ambao tayari walikuwa wanapanda teksi. Hata Waingereza na Wamarekani, kumbe, wanalitumia neno lao wenyewe kwa kulivuta.

Kwa Kiswahili, maana hii usiitafsiri kwa kuvuruga. Mwambie mfanyabiashara wa Kariakoo kwamba umekuja kuvuruga soko uone atakavyokutazama. Kwake anayevuruga au kuharibu soko ni yule anayeuza chini ya bei mpaka wenzake wanakosa faida. Sema umekuja kuleta mageuzi katika soko, au kupindua namna biashara inavyofanyika. Kama hayo ni makubwa kuliko ulichonacho, sema tu umekuja na njia mpya na rahisi zaidi.

"Tunaomba radhi kwa usumbufu"

Karibu kila taarifa ya huduma nchini humalizika kwa sentensi hiyo. Usumbufu ni kero anayoipata mtu. Si maelezo ya kilichotokea. Kuomba radhi ni ustaarabu wetu na tusiuache, lakini radhi haichukui nafasi ya taarifa.

Taarifa iliyokamilika hujibu maswali manne: ni nini hasa kimetokea, wapi kwa majina ya mitaa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na mtu afanye nini wakati anasubiri. Anayejibu maswali hayo hatahangaika tena na tafsiri ya "disrupt", kwa sababu kitenzi sahihi cha Kiswahili kitakuja chenyewe. Kama kimepasuka, atasema kimepasuka. Kama kimezimwa, atasema kimezimwa.

Kwa msikilizaji nawe una haki yako. Ukisikia tangazo kwetu au popote linalosema huduma "imevurugika" bila zaidi ya hapo, piga simu uulize: imekatika, imekatwa, imesitishwa, imepungua, au tuko kwenye mgao? Jibu utakalopewa ndilo litakalokuambia kama ni ndoo nne au ni boza.